Tairi la Krismasi

Uru, Jumatatu, saa tisa alasiri

Prisca mwanangu,

Usishtuke kuona mwandiko wangu mwingi kiasi hiki. Umezoea kuuona kwenye vipande vya boksi tu, pale mlangoni mwa banda: "Fundi amekwenda kunywa chai, ngoja kidogo," na chini yake mteja ameandika, "Tumengoja mpaka chai imepoa." Leo nimetumia daftari. Kurasa tatu za kwanza nimezichana, na hii ikiwa na alama ya grisi pembeni, ujue hiyo ndiyo sahihi yangu ya kweli.

Mambo ya safari sitayagusa. Chandarua, soksi, unga wa ndizi, namna ya kumwamkia mganga mfawidhi siku ya kwanza kazini, yote hayo mama yako amekwisha kukuambia mara tatu, na mimi nikiongeza langu begi litapasuka. Mimi nina swali lako moja ambalo sijalijibu tangu Jumamosi.

Ulirudi unaisukuma baiskeli ya marehemu baba yako, tairi la mbele halina upepo hata kidogo. Tangu upate barua ya kazi ya uuguzi kwenye ile zahanati ya Tabora umeing'ang'ania baiskeli hiyo, unasema huko ni tambarare na vijiji viko mbalimbali, na kila alasiri ulikuwa unashuka na kupanda nayo ili miguu izoee. Ukaiegemeza bandani. "Baba, nimekuletea majeruhi," ukasema. "Nimegonga kalavati." Nikaligeuza tairi. Lilikuwa limepasuka ubavuni, mpasuko wa urefu wa kidole gumba, umeshuka hadi kwenye waya wa ukingoni, ule unaolishikisha tairi kwenye ringi. Waya wenyewe ulikuwa umekatika. Ncha yake ilinichoma.

"Tushone au tubadilishe?" ukaniuliza.

Nikafuta kidole kwenye suruali. Ukainua macho ukaona lile tairi jipya linaloning'inia kwenye msumari juu ya benchi langu, bado na karatasi yake ya dukani. "Kwani si lipo lile pale? Tangu nizaliwe linaning'inia kama nyama ya buchani. Litafungwa lini, Baba? Siku ya parapanda?"

Nikasema naenda kutafuta uzi. Uzi ulikuwa mfukoni mwangu. Sikurudi mpaka wakati wa chakula, na mama yako akaninong'oneza kwamba umesema Baba ana uchoyo wa tairi. Nilitaka kucheka nikashindwa. Ni kweli, mwanangu. Umesema kweli kuliko ulivyojua.

Nianze na mimi nilivyokuwa, maana mtu huyo humjui. Wewe unamjua huyu mwenye kitambi anayesinzia kwenye benchi saa saba mchana na kuamka akidai alikuwa anasikiliza mlio wa beringi. Nilipokuwa na miaka ishirini na mitano nilikuwa mwembamba kama spoku, na watu waliniita Sindano. Mafundi wengine walikuwa wanaziba pancha. Mimi nilikuwa nashona matairi. Uzi wa nailoni niliufumua kwenye magunia ya mbolea, nikausokota na kuupaka nta. Sindano nilitengeneza kwa spoku niliyoinoa kwenye jiwe. Ndani ya jeraha niliweka kipande cha tairi kuukuu nilichokichonga kingo mpaka kikawa laini, ili kisikwaruze tyubu. Tairi moja la katekista nililishona mara nyingi hadi mwenyewe akawa anasema anaendesha sweta.

Kulikuwa na neno moja tu ambalo ulimi wangu haukuliweza, nalo ni hapana. Mtu akileta tairi, hata liwe limetafunwa na mbwa, nilisema, "Lete." Niliona huo ndio ufundi. Niliona fundi anayesema hili haliwezekani ni mvivu anayejificha nyuma ya mdomo.

Na usije ukadhani ni ujinga. Kanuni nilizijua zote. Tairi likitoboka mgongoni, pale panapokanyaga barabara, weka kipande ndani, shona, nenda zako. Likipasuka ubavuni, shona ukipenda, lakini lihamishie nyuma, maana la nyuma likifumuka utayumba na utatukana. La mbele likifumuka hupati muda wa kutukana. Ila waya ukikatika, huna mjadala. Likate ushone kandambili. Hakuna uzi duniani unaofanya kazi ya waya. Haya nilikuwa nawafundisha watu, kwa sauti ya juu, sindano mdomoni.

Sasa baba yako. Picha yake unaijua, ile ya harusi ambayo amekaza shingo kama anavikwa nira. Picha ile inamsingizia. Kaka yangu Evarist alikuwa mtu wa kucheka. Alikuwa mrefu, anaimba vibaya na hajui, na kanisani watu walikuwa wanamwachia nafasi pande zote mbili. Kazi yake ilikuwa maziwa. Alfajiri alizunguka kwa wafugaji huku juu, akajaza madumu matatu, mawili ubavuni mwa keria na moja juu, akateremka nayo mpaka mjini. Akifika kwenye kona iliyo juu ya banda langu alikuwa anapiga kengele mara tatu. Mara moja ni ya kona. Mbili zilizobaki ni zako. Ulikuwa na miezi saba, mama yako alikubeba mpaka uani kumwaga maji, na ukisikia kengele ulikuwa unarusha miguu hadi khanga inafunguka.

Mwaka ule, Krismasi ikikaribia, nikapata tairi jipya lenye mstari mwekundu ubavuni. Baiskeli yangu nilikuwa nimeivua yote ili kuipaka rangi. Fremu huku, magurudumu kule. Unajua Krismasi ya huku kwetu ilivyo. Waliotoka wanarudi na magari, na sisi tuliobaki tunatafuta cha kuonyesha. Mpango wangu ulikuwa niingie Kibosho kwenye misa ya asubuhi na tairi lile la mbele. La nyuma nani analiangalia? Kulikuwa na msichana wa kwaya ya huko, sauti ya pili, nikataka aninone nikishuka. Ndiyo, nimeandika "aninone" badala ya "anione." Nimekosea, niache, miaka yote hii mkono bado unateleza nikifika kwa yule dada. Alibahatika. Aliolewa na mwalimu.

Siku nne kabla ya Krismasi, saa kumi na moja jioni, baba yako akaja bandani anasukuma baiskeli, madumu matupu yanagongana.

"Sindano, mgonjwa wako huyu hapa."

Nikalivua tairi la mbele. Ubavu umefunguka. Nikapitisha kidole ndani, waya ukanichoma. Pale pale uliponichoma Jumamosi, Prisca. Kidole kile kile.

"Vipi, anapona?"

"Ubavu umefunguka," nikasema. Waya sikuutaja.

"Nataka linifikishe mjini tu. Nikishamwaga maziwa kesho nachukua jipya palepale. Maduka yamefungwa sasa hivi, na maziwa hayawezi kunisubiri." Halafu akainua macho, kama ulivyoinua wewe. "Na hilo?"

"Hilo la Krismasi."

"Kesho mchana ninakurudishia. Hata vumbi halitalishika."

"Kaka, mstari utachafuka."

Akacheka. Angekasirika, angenikunja shati kama alivyozoea tulipokuwa wadogo, leo nisingekuwa naandika barua hii. Akacheka, akanipiga kofi la mgongo, akasema, "Haya, mkwe wa Kibosho. Shona basi. Litafika?"

"Litafika."

Nililishona vizuri. Hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo, kwamba ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizopata kufanya. Mishono kumi na tisa, imelala sawasawa kama meno ya kitana. Ncha za waya nikazifunga kwa waya mwembamba wa ua. Nikalirudisha palepale mbele, hata sikulihamishia nyuma, kwa sababu mwanga ulikuwa unaisha na nilikuwa na haraka ya kupaka fremu yangu rangi ya mwisho. Baba yako akalibonyeza kwa kidole gumba, akaniambia, "Wewe ulipaswa kuwa daktari." Akaenda zake akiimba.

Asubuhi nilifungua banda mapema. Unajua mfongo wetu, mfereji wa maji unaoshuka kandokando ya barabara; ndiko ninakochota maji ya karai la kutafutia pancha. Nilikuwa nimechuchumaa nachota, maji yakaja meupe.

Nikadhani kuna mtu anaosha ndoo ya chokaa huko juu. Nikakasirika kabisa. Nikasimama nipige kelele, "Nani anatuchafulia maji?" Mdomo ukabaki wazi, kwa sababu nilikumbuka kwamba sijasikia kengele.

Nilipanda ile kona mbio. Baba yako alikuwa amelala ukingoni mwa mfongo, shavu kwenye jiwe, kama mtu anayesikiliza kitu chini ya ardhi. Dumu moja lilikuwa bado linamwagika taratibu. Mbwa walikuwa wameshafika, wanalamba barabara. Sitakuandikia zaidi ya hapo, utaona mengi ya namna hiyo kazini kwako. Nitakuambia tu kwamba tairi lilikuwa limetoka kwenye ringi kama mdomo uliopinduka, na mishono yangu kumi na tisa ilikuwa mizima. Hakuna hata mmoja uliokatika. Waya ndio ulioachia.

Mchana huo, watu wakiwa wanajaa nyumbani na wanawake wanapika, niliichukua baiskeli nikaipeleka nyuma ya zizi. Nilisema sitaki shemeji aione. Watu wakanisifu kwa busara. Nikalivua lile tairi nikalitumbukiza chooni.

Na walipoanza kuuliza imekuwaje, mtu mmoja akasema lazima ni breki. Wiki ile baba yako alikuwa amefungiwa breki mpya na Proti, fundi mwenzangu, yule aliyekuwa na kibanda karibu na kanisa. Watu wote wakanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye fundi na mimi ndiye mfiwa. Nikasema, "Breki ni kitu cha hatari."

Unaona? Sikusema uongo. Nilichagua sentensi.

Proti hakupata mteja tena huku juu. Watoto walikuwa wanapita kibandani kwake wakiiga mlio wa breki. Alivumilia miezi michache, halafu akafunga, akateremka kwenda kukata miwa kwenye mashamba ya kule chini. Mimi nikarithi wateja wake. Niliwapokea wote, Prisca. Nikawashonea.

Kuna siku moja ambayo huenda umeisahau, mimi sijaisahau. Ulikuwa na miaka tisa. Proti alipanda kuja kumzika mama yake. Watoto wote wakamwamkia, zamu yako ilipofika ukaweka mikono nyuma ukasema, "Wewe sikuamkii. Wewe ulimwua baba yangu." Kulikuwa kunanyesha. Proti akafunga mwamvuli wake taratibu, akasimama na mvua ile kichwani. Akasema, "Sawa, mama." Basi. Halafu akanitazama mimi. Nilidhani ananishuku, kumbe ananihurumia. Ananihurumia kwa kufiwa na ndugu! Nikakushika mkono nikakurudisha nyumbani, na kwa sababu ulikuwa unalia nikakumenyea muwa. Uliutafuna wote ukalala. Sijui huo muwa ulikatwa na nani.

Ulipoanza kusema uliniita Baba. Mama yako akajaribu kukusahihisha: "Sema Baba Mdogo." Ukakataa. Ulikuwa kichwa ngumu tangu kwenye nepi. "Mdogo wapi? Mkubwa huyu!" ukasema, watu wakacheka, jina likabaki. Nimelivaa jina hilo kama koti la kuazima la mtu mrefu kuliko mimi. Nimekufundisha kuendesha baiskeli, nimekuja kwenye vikao vya shule na suruali yenye grisi ukajifanya hunijui, nimelia kwenye mahafali yako ya uuguzi nikasingizia vumbi wakati mvua imenyesha siku tatu. Yote hayo nilifurahi. Na kila nilipofurahi nilijua nimekalia kiti cha mtu niliyemwondoa mwenyewe, kwa ajili ya mstari mwekundu.

Krismasi ile sikuenda Kibosho. Tairi nililiacha kwenye msumari. Nilijiambia nalitunza kwa kumbukumbu, halafu nikajiambia ni adhabu, halafu miaka ikapita nikawa silioni tena mpaka mtoto aulize. Ulikuwa unauliza kila mara, nami nilikuwa na jibu jipya kila mwaka. Kwamba linasubiri gurudumu lake lizaliwe. Kwamba ni la baiskeli ya malaika. Wewe ulicheka kwa kila jibu, ndiyo maana sikuacha.

Jana baada ya misa nililishusha. Niliwaza, angalau sasa nitalitoa, nimfungie mtoto wake aende nalo. Ingekuwa vizuri, ee? Ingekuwa kama sinema. Nikatoa karatasi, ikaja vumbi. Mstari bado mwekundu. Nikalikunja kidogo, nikasikia linavyolia, na ubavu wote ukafunguka nyufa kama tope lililokauka. Nikapitisha kidole, kikatoka na unga mweusi. Mpira unakufa ukikaa, Prisca, hata kama haujakanyaga barabara hata siku moja. Nilimnyima ndugu yangu tairi, na nilichokuwa namnyima ndicho hiki.

Kwa hiyo leo asubuhi nikateremka mjini, kwa yule mzee wa Kihindi wa duka la vipuri, ambaye amenijua tangu nikiwa Sindano. Nikamwambia nataka tairi jipya. Akavua miwani.

"Gaspari, wewe? Kununua? Unaumwa?"

"Nipe zuri kuliko yote."

"Ala! Mama, njoo uone!" akamwita mkewe aliyekuwa nyuma ya kaunta. "Sindano amekuja kununua tairi! Tufunge duka, dunia imekwisha."

Nikacheka naye. Ndivyo nilivyo, nitacheka hata kwenye jeneza langu. Nikarudi, nikalifunga mbele. Baiskeli yako iko tayari.

Halafu nikakata majani mawili ya sale pale mpakani mwa kihamba, shamba letu la ukoo, karibu na kaburi la baba yako, nikayafunga fundo kila moja. Wenzako wa Tabora hawatajua, na siku wakikuuliza uwaambie: huku kwetu aliyekosa akija na jani la sale lenye fundo, huwezi kumkataa. Ukikataa, lawama inahamia kwako. Hata watu waliouliana mifugo na kuchomeana nyumba, jani hilo limewakalisha chini. Miaka yote hii nilikuwa napita kando ya majani hayo kila siku. Sikukata, kwa sababu huwezi kupeleka jani bila kusema ni la kosa gani.

Jani la kwanza nililifunga kwenye usukani wa baiskeli, lako. La pili nikaenda nalo kwa mama yako. Alikuwa jikoni anamenya ndizi za mtori wako wa leo jioni. Nilimwambia nikiwa nimesimama mlangoni. Nilimwambia yote, pamoja na waya, pamoja na choo. Hakuacha kumenya.

"Alikuuliza kama litafika?"

"Aliniuliza."

"Ukamwambia nini?"

"Litafika."

Akamenya ndizi nyingine mbili. "Na lile tairi la juu aliliona?"

"Aliliona. Aliliomba."

Hapo kisu kikasimama. Akasema, "Miaka yote hii nakuwekea chakula." Kwa sauti ya kawaida tu, kama anayehesabu kitu. Nikamnyooshea jani. Akafuta mikono kwenye khanga, akalipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Mikono ilipokea, Prisca. Uso haukupokea. Akaliweka mezani.

"Proti anajua?"

"Bado."

"Na mtoto?"

"Bado. Nimemfungia jani kwenye baiskeli."

"Kalifungue."

"Shemeji..."

"Kalifungue, Gaspari. Mimi ni mtu mzima, nimepokea kwa sababu ni desturi, na yaliyobaki nitapambana nayo mwenyewe. Yule ukimpa jani unamfunga mdomo. Hatakuwa na la kufanya ila kulipokea. Mwambie, umwache."

Nimekwenda kulifungua. Limenipa shida, nilikuwa nimekaza fundo kama mtu anayeshona.

Ndiyo maana hutaona jani lolote na barua hii. Sikuombi kitu. Nilitaka ujue jibu la swali lako, na jibu ni kwamba tairi lile lilikuwa la kubadilisha. La Jumamosi na la siku ile. Nililijua kwa kidole kabla sijalijua kwa kichwa.

Kesho kutwa watakuletea mtu kwenye machela ya miti, saa ambayo maduka yote yamefungwa, na ndugu zake watakutazama kama baba yako alivyonitazama mimi, kwa imani kabisa, tena wakitania. Watakuita daktari ingawa wewe ni muuguzi. Utatamani sana kusema litafika. Neno hilo ni tamu mdomoni, mwanangu, linampa raha anayelisema na anayelisikia. Mimi sina haki ya kukufundisha ufundi wako. Nakuambia tu ladha yake, ili ukiisikia ulimini uikumbuke.

Jumamosi nitateremka kwenye miwa kumtafuta Proti. Nitachukua jani. Nimeambiwa siku hizi mgongo wake haunyooki. Sijui nitaanzaje. Pengine nitaanza kwa kumwamkia, shikamoo, ingawa tuko rika moja, kwa niaba ya yule mtoto wa miaka tisa. Nikitoka kwake, Jumapili baada ya misa nitawaambia watu wa hapa. Wataniita jina jipya. Sindano lilikuwa jina zuri mno.

Neno la mwisho. Barua hii nilikuwa nimekwisha kuikunja ili niifiche kwenye mfuko wa zana chini ya kiti cha baiskeli, uikute Tabora ukitafuta pampu. Ungesoma ukiwa mbali, nami ningekuwa salama huku nikisinzia. Nikaona hiyo nayo ni mishono mizuri juu ya waya uliokatika. Nitakupa mkononi sasa hivi, jua likiwa bado liko juu, kabla mtori haujaiva.

Basi linaondoka stendi saa kumi na mbili asubuhi. Mtu mmoja lazima aiteremshe baiskeli mpaka huko na kuipakia kwenye buti. Baiskeli nimeiegemeza nje, kwenye ukuta wa zizi. Ukitaka niiteremshe mimi, iache hapo hapo. Usipotaka, iingize ndani kwa mama yako, atamwomba jirani, na mimi nitakapopita alfajiri nikaukuta ukuta mtupu nitaelewa, sitagonga mlango.

Breki zake nimezikagua mara mbili. Zilikuwa nzima. Ni zile zile za Proti.

Ni mimi,
Gaspari, mdogo wake Evarist